Kutoka Rangi Tatu Hadi Alpi: Mwongozo wa Mpanda Barafu wa Mara ya Kwanza

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Mbagala, Tandika, Mwananyamala au Tegeta ambaye, kwa sababu anazozijua yeye na Mola wake, ameamua kwamba safari hii lazima apande barafu. Tuelewane mapema: si mlima wenye barafu kileleni. Ni barafu yenyewe, imesimama wima, na wewe umeng'ang'ania juu yake kwa sululu mbili za mkono na meno ya chuma yaliyofungwa chini ya buti. Watu wa milima ya Alpi hufanya hivyo kila majira ya baridi, kwa hiari yao, hawajafukuzwa na mtu.

Kwa asiyeujua mchezo, habari ni fupi. Baridi ikikaza, maji ya maporomoko huganda kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, mpaka mto uliokuwa ukianguka unasimama njiani. Chukua maporomoko ya Kinukamori pale Marangu, yagandishe kuanzia juu hadi chini, kisha yapande. Ugumu hupimwa kwa madaraja, kuanzia la kwanza, ambalo mtu anaweza kulipanda karibu kwa kutembea, hadi la saba, ambalo ni la watu wasio na wategemezi. Anayeanza hupelekwa la pili au la tatu, kwenye mwinamo wa nyuzi 60 hadi 80. Nyuzi 90 ni ukuta wa chumba chako. Uangalie vizuri usiku wa leo kabla hujalala.

Jambo la kwanza ni kunyamaza. Ukishindwa kunyamaza, mazungumzo yatakuwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Naambiwa unakwenda Ulaya. Umepata kazi?"

"Hapana mama. Nakwenda kupanda barafu."

"Ukishapanda?"

"Nashuka."

"Unashuka na nini?"

Hapo hakuna mwongozo wowote duniani unaoweza kukusaidia. Atanyamaza, atachambua mchicha wake, halafu kwa sauti ya chini kabisa ataulizia zile bati za nyumba ya bibi yako kule Utete.

Kijiweni kwenye kahawa nako hatakosekana mjuaji wa kusema: barafu ipo Kilimanjaro, huko Uzunguni unafuata nini? Swali lake ni la haki na linastahili jibu, japo jibu lenyewe ni refu na lina aibu ndani yake.

Kwa kumbukumbu zilizoandikwa, mtu wa kwanza kufika kilele cha Kilimanjaro ni mtu aliyekuwa ameshashindwa na barafu yake. Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig, alikuja mwaka 1887, akakutana na ukuta wa barafu, akageuza. Hakuulaumu mlima. Alirudi kwao akatafuta fundi wa Alpi, akampata Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg, na mwaka 1889 wakaja pamoja. Purtscheller alikwenda mbele akichonga vidato kwenye barafu kwa sululu, kimoja baada ya kingine, na tarehe 6 Oktoba wakasimama juu. Siku hiyo mwalimu alikuwa anatimiza miaka 40. Simulizi za Marangu zinamtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaonyesha njia. Meyer aliokota jiwe la kileleni akampelekea Kaisari Wilhelm, likaenda kupachikwa ndani ya kasri huko Potsdam.

Kwa hiyo mpanda barafu wa kwanza wa nchi hii alitoka Alpi, hakuombwa viza, na aliondoka na jiwe. Wewe unakwenda kulipa ugeni huo, na utaombwa taarifa ya benki.

Baada ya hapo walifuatana. Mwaka 1978 Reinhold Messner na Konrad Renzler, wote wa Tirol Kusini, yaani Alpi tena, walipanda ukuta wa Breach, pamoja na mchirizi mkubwa wa barafu ulioning'inia katikati yake. Mwaka 2014 Will Gadd wa Kanada alizipanda kuta za barafu za kileleni. Aliporudi mwaka 2020, sehemu kubwa ya barafu aliyokuwa ameipanda haikuwepo. Meyer mwenyewe aliliona jambo hilo mapema: alirudi mwaka 1898 akakuta barafu imepungua tangu alipoiacha. Mwaka 1912 ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia 2011 ilikuwa chini ya 2. Muda wote huo wenyeji tulikuwapo mlimani, tumebeba mahema, majiko na mayai ya wageni. Wapagazi wa mlima huo huitana wagumu, na mtu akiwatazama wanavyowapita watalii njiani na mzigo kichwani hahitaji kuelezwa jina lilitoka wapi. Ila sululu ya barafu walikabidhiwa waibebe, wakaifikisha, wakairudisha.

Jirani zetu Wakenya walifanya vizuri zaidi, na tukubali tu. Oktoba 1973, Thumbi Mathenge pamoja na Phil Snyder walikuwa wa kwanza kupanda Diamond Couloir, ule mfereji wa barafu ulioshuka katikati ya vilele viwili vya Mlima Kenya. Ukitaka mzee wa kumtambikia kabla ya safari, ni huyo Mathenge; waachie watu wa Alpi wazee wao. Usiende kuutafuta mfereji wenyewe, lakini. Barafu yake nayo imekwisha kwa kiasi kikubwa. Kwenye Rwenzori, kilele cha Margherita, mita 5,109, bado mtu huvaa meno ya chuma kufika, ila utatembea siku kadhaa kwenye matope kabla ya kuiona barafu, na matope hata Mbagala yapo.

Hilo ndilo jibu la kumpa mjuaji. Barafu yetu imekaa juu mno, pale ambapo mapafu ya mtu wa pwani hayafanyi kazi yoyote zaidi ya kulalamika, na imebaki kidogo kiasi kwamba kuichoma kwa sululu ni kama kumkata nywele mzee mwenye upara. Barafu ya Alpi inashuka hadi vijijini, karibu na vituo vya basi. Kilele kikubwa kuliko vyote kule, Mont Blanc, kina mita 4,800 na kidogo. Kambi ya Barafu kwenye njia ya Machame, ambapo watalii hulala saa chache tu kabla ya kwenda kileleni, ipo zaidi ya mita 4,600. Muuza karanga wa Moshi aliyewahi kubeba mzigo hadi pale alikuwa anakaribia kilele chao chote, na alikuwa bado hajafika kazini.

Sasa tuchague. Vitabu vya wapandaji husema tazama ubora wa barafu, urefu wa njia, umbali kutoka barabarani. Vitabu hivyo viliandikwa na watu wasiopanga foleni. Kwako wewe barafu ndiyo ya mwisho kutazamwa. La kwanza ni dirisha.

Viza ya Schengen ni moja, lakini huombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ni nchi utakayoingia kwanza. Ubalozi wa Uswisi upo Barabara ya Kinondoni, yaani mtu wa Mwananyamala anaweza kwenda kwa miguu na kurudi akiwa amekata tamaa kabla ya chakula cha mchana. Wa Ufaransa upo Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Wa Italia upo Upanga. Austria haina ubalozi Dar es Salaam. Wa kwao uko Nairobi. Papo hapo Tirol yao nzima, pamoja na mabonde yake yanayosifiwa kwa barafu, na kwao Purtscheller mwenyewe, imeshatoka kwenye orodha bila mtu kuuliza lolote kuhusu ubora wake. Kumbuka pia kwamba nchi hizi hupokeleana maombi, kwa hiyo uliza kwanza ni nani anampokelea nani, usije ukapanga foleni ya Mwitaliano ukiwa na karatasi za Mswisi.

Ada ya viza ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 angalau. Maombi yasiende mapema kuliko miezi 6 kabla ya safari wala yasichelewe kuliko siku 15. Kama huna pasipoti, anza na Uhamiaji, shilingi 150,000, ukiwa umebeba cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA na barua ya serikali ya mtaa. Kwa mtendaji wa mtaa usiseme barafu. Sema masomo ya muda mfupi. Mtendaji anayaheshimu masomo, na hutakuwa umesema uongo mkubwa.

Dirishani ndiko penye kazi. Mhusika atauliza madhumuni ya safari. Ukisema utalii, ataandika utalii, halafu atataka kujua utatalii nini.

"Kupanda barafu."

"Umewahi kupanda barafu?"

"Hapana."

"Kuna mtu wa familia yako aliyewahi?"

"Hapana."

"Nini kinatuhakikishia kwamba utarudi?"

Swali hili limewaangusha watu wenye viwanja Bunju na hati mkononi. Mpanda barafu peke yake ndiye mwenye jibu la kweli, kwamba hata yeye hana uhakika, na ndilo jibu asiloruhusiwa kulitoa. Mwonyeshe barua ya mwajiri, mkataba wa nyumba, vyeti vya watoto. Usimwonyeshe picha ya maporomoko. Na pesa isiingie benki yote wiki moja kabla. Pesa ya mchezo wa upatu ikitua kwa mkupuo mmoja inamnukia mhusika kama moshi, na kusema kweli hakosei.

Dirisha likishapita, kigezo cha pili ni nani atakayekushusha ukikwama. Hapa Ufaransa inaongoza kwa mbali. Kule milimani, nje ya viwanja vya kuteleza kwa skii, askari wa uokoaji huja na helikopta na hawamdai aliyeokolewa. Uswisi helikopta huja haraka sana, ankara nayo haichelewi. Humfuata mwenyewe au bima yake. Isome bima neno kwa neno. Zile za bei nafuu zinazotosha kupata viza mara nyingi huondoa michezo ya hatari kwenye aya iliyoandikwa kwa herufi ndogo, na aya hiyo ndiyo pekee inayokuhusu.

Baada ya hayo, kama bado una nguvu, barafu.

Chamonix, Ufaransa, ndiyo Kariakoo ya milima. Balmat na Paccard waliondokea hapo mwaka 1786 wakafika kilele cha Mont Blanc, chama cha waelekezi wake ni cha mwaka 1821, na Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi ilifanyika hapo 1924. Kila kitu kipo na kila kitu ni ghali, na asilimia kubwa ya watu utakaowakuta wanatembea na kamba begani hata wakienda kununua mkate. Mgeni wa mara ya kwanza atajiona mdogo. Kama ulishawahi kupelekwa na winga duka ambalo huwezi kununua hata soksi, hali hiyo unaijua.

Kusini zaidi, bado Ufaransa, kuna L'Argentière-la-Bessée na bonde la Freissinières, ambako kila Januari hufanyika tamasha la wapanda barafu. Wanaoanza hukaribishwa, na watengenezaji wa vifaa huja kuazimisha vya kujaribu. Mtanzania aliyezoea Sabasaba ataelewa utaratibu bila kuelekezwa: tembelea mabanda yote, jaribu kila kitu, usinunue.

Kandersteg, Uswisi, treni inakufikisha kijijini kabisa. Ukuta wake mashuhuri, Breitwangflue, ni wa waliokubuhu. Mwanafunzi ana sehemu zake za chini. Tatizo ni Uswisi. Ukiulizia bei ya chai, keti kwanza.

Saas-Fee, Uswisi pia, ni kisa cha peke yake. Kijiji hakiruhusu magari ya kawaida ndani, kwa hiyo wageni huyaacha kwenye jengo la maegesho la ghorofa nyingi pembeni, na ndani ya jengo hilo hilo wametengeneza kuta za barafu na kuzifanyia mashindano ya dunia. Nalitaja kwa ajili ya wenzetu wenye majengo Kinondoni ambayo ghorofa zake za maegesho zimekaa tupu.

Na kuna Cogne, Italia, kwenye Bonde la Aosta. Hapa ndipo ninapompeleka msomaji, na sina haya ya kusema napendelea. Kijiji kipo mita 1,500 hivi, juu kidogo ya Lushoto, kwa hiyo mapafu hayana kisingizio. Basi linapanda kutoka mji wa Aosta. Maporomoko yanayoganda ni zaidi ya 100, yamejipanga pande za Valnontey na Lillaz, na ya Lillaz yenyewe huanguka kwa vidato vidato, mtu akapata pa kupumzikia na kumkumbuka mama yake. Isitoshe, waelekezi wa bonde hilo tuna hesabu nao ya zamani. César Ollier na Joseph Brocherel wa Courmayeur, upande mwingine wa bonde, ndio waliomfikisha Mwingereza Mackinder kilele cha Batian, Mlima Kenya, mwaka 1899, na mwaka 1906 walikuwa Rwenzori na msafara wa Dyuki wa Abruzzi. Mwambie mwelekezi wako habari hiyo siku ya kwanza. Hatapunguza bei, ila atakushikia kamba kwa uangalifu zaidi.

Mwelekezi ni lazima, tena mwenye cheti cha kimataifa cha waelekezi wa milima. Atakudai mamia ya euro kwa siku. Usijaribu kumwambia kwamba yupo jamaa Instagram anayefanya kwa nusu.

Vifaa usinunue; buti ngumu, meno ya chuma, sululu na kofia hukodishwa kijijini. Kamba ndiyo kabisa usiende nayo. Kamba ya kupandia hunyumbuka ili ikikudaka isikuvunje kiuno, na ile ya manila inayofungia magodoro juu ya Fuso haina huruma hiyo. Nguo ni habari nyingine, maana hapo Dar es Salaam inaizidi Ulaya. Nenda Karume au Tandika siku belo la makoti linapofunguliwa. Utakuta makoti yaliyopita Alpi kabla yako, mengine yana tiketi ya lifti ya skii bado imening'inia kwenye zipu. Chagua sufu na vitambaa vya kukauka haraka. Pamba hunywa jasho na kulitunza, na jasho likipoa mwilini kwenye nyuzi joto kumi chini ya sifuri utajua. Muuzaji atakuuliza unakwenda Makambako au Njombe. Mwitikie tu.

Mazoezi yanawezekana bila kutoka mkoani. Kwa miguu, daraja la waenda kwa miguu la Manzese, kupanda na kushuka kwa ncha za vidole, saa ambayo wamachinga hawajapanga bidhaa. Kwa mikono, nenda kwa wavunja kokoto wa Kunduchi uwaangalie wanavyopiga. Anayeanza barafu hupiga kwa bega zima, kwa hasira, anachoka baada ya mita tano. Fundi hutupa kiganja tu na uzito wa chuma unamaliza kazi. Wale akina mama wa kokoto wanayajua haya miaka yote, na wakipewa meno ya chuma sioni nani Cogne angewaweza. Kwa baridi, Feri alfajiri, kwenye mapande ya barafu ya samaki. Shika pande moja kwa mikono mitupu, juu ya kichwa, mpaka vidole vife ganzi, kisha ishushe damu irudi. Maumivu yatakayofuata ndiyo yanayowafanya Wazungu wazima walie na kutaka kutapika katikati ya maporomoko. Ukiulizwa na wauza samaki unafanya nini, hapo masomo ya muda mfupi hayatatosha.

Machache ya usalama, kwa haraka. Usipande chini ya mtu mwingine. Kila anachovunja kinakuja kwako. Baridi kali mno si baraka, barafu hukauka na kukatika vipande vipana kama sahani. Joto likipanda juu ya sifuri, nguzo nzima inaweza kushuka na wewe. Hatari ya poromoko la theluji hutangazwa kila siku kwa namba 1 hadi 5; ikiwa 4, baki hotelini ule tambi.

Limebaki suala la lini, na hapo ndipo mipango mingi ya Temeke imefia. Msimu ni katikati ya Desemba hadi mwanzoni mwa Machi, na barafu nzuri ni ya Januari na Februari. Ndiyo miezi ambayo shule zinafunguliwa, sare zimebana, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na kila uliyemwazima pesa Krismasi amezima simu. Miaka hii Ramadhani nayo inaangukia humo humo. Aprili, pesa zikianza kuonekana, Cogne kuna maji yanaanguka, hakuna cha kupanda.

Dawa ni mchezo, ule wa kila mwezi. Mwone kijumbe mapema, umbembeleze akupe namba ya Septemba, ili pesa ikae benki miezi mitatu ionekane ni ya heshima. Atakuuliza unaitaka ya nini kwa haraka hivyo. Mwambie ada, mwelekezi wa Cogne naye ni mwalimu, na hafundishi bure.